Taa ya Mkia

Watu wa mji mdogo wa Cragdale waliwaita wazee wa treni za kuchezea, na kila mara Norris Barraclough aliwajibu kwa hasira kwamba wao hawachezi, wanaendesha. Tofauti hiyo hakuna aliyeielewa isipokuwa wao wenyewe, wanne, waliokutana kila Jumanne baada ya chakula cha mchana katika ukumbi uliokuwa wa watoto wa kanisa, kabla kanisa halijaishiwa na watoto. Humo ndani, juu ya meza zilizozunguka kuta, walikuwa wamejenga bonde zima: mto wa gundi, kondoo wadogo kama punje za mchele, viwanda vya sufu vyenye masizi, na reli. Miaka thelathini waliijenga reli hiyo. Mke wa Norris, alipokuwa hai, alikuwa akisema kwa muda huohuo wangejenga ya kweli na watu wakaipanda.

Uhondo wenyewe ulikuwa ukutani. Stesheni ya Norris, Harrowbeck, ilikuwa ukumbini. Stesheni ya rafiki yake Ellis Sugden, Long Cleugh, ilikuwa katika kachumba ka nyuma ambako zamani mchungaji alivalia joho lake. Reli ilipita kati yao kwenye tundu la ukuta lililopambwa kama mdomo wa handaki. Mlango ulifungwa makusudi. Norris hakumwona Ellis, Ellis hakumwona Norris, na kupaziana sauti kulikuwa mwiko, maana wasimamizi wa kweli wa ishara za reli, waliotengana maili mbili, wangepaziana sauti vipi? Waliongea kwa kengele tu.

Mpango wenyewe si mgumu, ingawa Hedley, fundi wao wa umeme, ulimchukua mwaka mzima kuushika. Kila stesheni ina kengele ndogo ya shaba, na kitufe cha kuliza kengele ya mwenzake. Ellis akitaka kuleta treni, anabonyeza mara moja, yaani "upo?" Norris anajibu moja, "nipo." Ellis anabonyeza tatu, anapumzika, halafu moja: "nina treni ya abiria, njia iko wazi?" Norris akikubali anarudia vilevile, tatu na moja. Asipokubali anakaa kimya, na treni haibanduki ilipo hata kama ni mpaka Krismasi. Ikiondoka, Ellis anapiga mbili. Ikishapita mbele ya Norris, Norris anaangalia nyuma yake. Behewa la mwisho lazima liwe na taa nyekundu, taa ya mkia, kuonyesha kwamba treni imefika nzima na hakuna kipande kilichokatika kikabaki njiani. Akiiona, anapiga mbili na moja: imefika, njia ni huru. Asipoiona haruhusiwi kupiga, na njia inahesabiwa kuwa bado ina kitu ndani yake.

Sasa Ellis, katika miaka yote hiyo, hakuwahi kukumbuka kuweka taa ya mkia. Treni zake zilikuwa nzuri kuliko za wote, kila komeo la mlango lilipakwa rangi kwa unywele mmoja wa brashi, lakini nyuma hakuna kitu. Kila Jumanne Norris aliuvunja mwiko wa kupaza sauti akaenda kuugonga mlango.

"We Ellis! Taa iko wapi?"

"Taa gani tena?"

"Ya mkia, bwana! Nitajuaje kama hujaacha behewa humo shimoni?"

"Si uchungulie?"

"Msimamizi wa kweli angechungulia handaki la maili mbili?"

"Msimamizi wa kweli saa hizi angekuwa keshakunywa chai. Nenda kanichemshie maji, mzee, uache kunipigia kelele."

Hivyo ndivyo walivyopendana, na kama kulikuwa na namna nyingine ya kupendana Norris hakuijua wala hakuitafuta.

Mwezi wa Septemba kiharusi kikamwangusha Ellis jikoni kwake, birika mkononi. Hakufa. Alipelekwa katika nyumba ya kutunzia wazee chini ya mlima, akalala kitandani macho nusu wazi, hasemi, hamjui mtu, analishwa kwa mpira wa puani. Jumanne moja kabla ya hapo alikuwa amempa Norris kopo la peremende lenye mota ndogo ndani. Ilikuwa mota ya kichwa cha treni cheusi alichokuwa akikitengeneza kwa mkono wake mwenyewe, pamoja na mabehewa matatu ya rangi ya damu ya mzee. Mota ilikuwa inakwama. "Wewe una subira, mimi nitaipiga nyundo," alisema. Norris aliitengeneza ndani ya siku mbili. Halafu akaiweka koponi, akalitia kopo mfuko wa koti, na hakulitoa tena. Kukimaliza kichwa kile wakati mwenyewe amelala vile kulimtisha. Aliona kama akikifungia mota, basi kazi ya Ellis imekwisha, na mtu aliyemaliza kazi hana cha kumrudisha.

Kengele ililia kwa mara ya kwanza mapema mwezi wa Novemba, mchana, mvua ikinyesha. Thelma Ogden, mjane wa mwoka mikate, alikuwa akipanda miti midogo kando ya mto wa gundi. Hedley Crabtree alikuwa chini ya meza na nyaya zake, akitoa kichwa tu ili kuchokoza watu.

"Thelma, huo ni mti au brokoli?"

"Mwaloni."

"Mwaloni umekonda hivyo? Unaumwa?"

"Una nywele kukushinda wewe."

Norris alicheka, na kicheko kilikuwa bado kiko mdomoni kengele ya Harrowbeck ilipolia. Mara moja.

Wote watatu walikuwa ukumbini. Norris aliangalia mikono ya wenzake kwanza: mmoja ana gundi, mwingine ana bisibisi. Halafu kengele ikaendelea bila kungoja kujibiwa. Tatu. Kimya kidogo. Moja.

Ellis hakuwa mtu wa kungoja. Sheria inasema usiulize njia mpaka ujibiwe "nipo," lakini yeye alipiga zote tu mfululizo, na ile moja ya mwisho aliiharakisha kama mtu anayesukuma mlango kwa kiwiko mikono ikiwa imejaa vikombe. Ukikaa na mtu miaka thelathini mkiongea kwa kengele, unaijua mikono yake kama unavyoijua sauti yake.

"Unyevu," alisema Hedley akitoka chini ya meza. "Mvua hii. Waya umelowa mahali."

"Unyevu unajua kuhesabu?" akauliza Thelma.

Walifungua mlango wa nyuma. Sweta la Ellis lilikuwa mgongoni mwa kiti. Sanduku la treni yake mpya lilikuwa rafuni, limefungwa kamba kama alivyoliacha. Hedley aliinama juu ya kitufe akakimulika kwa tochi, na Norris akaona alichokuwa akikiona Hedley: vumbi la miezi miwili lilikuwa limekaa juu yake, laini, halina alama ya kidole.

"Unyevu," Hedley akarudia, ila sasa hakumwangalia mtu usoni.

Alhamisi Norris alikwenda kumtazama mgonjwa, kama ilivyokuwa desturi yake. Gwenda, binti pekee wa Ellis, alikuwa dirishani, uso umemvimba kwa kukosa usingizi. Alikuwa amemwita Norris anko tangu akiwa na meno ya maziwa.

"Anko Norris, njoo uone kitu. Ameanza kufanya hivi tangu juzi Jumanne."

Mkono wa kushoto wa Ellis ulikuwa juu ya chuma cha ubavuni mwa kitanda. Kidole chenye pete kikanyanyuka kidogo, kikaanguka. Ti. Kikakaa. Halafu kikagonga tatu. Kikapumzika. Kikagonga moja ya haraka.

"Wauguzi wanasema ni mishipa tu inajivuta," alisema Gwenda. "Lakini mbona ni vilevile kila mara? Usiku na mchana, Anko. Daktari ananiambia kwa hali aliyonayo ilipasa awe amekwenda zamani. Anasema haelewi anangoja nini. Wewe umekaa naye kuliko mimi. Anataka nini baba?"

Norris alijua. Alijua kama anavyojua jina lake. Rafiki yake alikuwa na treni, amekaa nayo stesheni, anaomba njia. Na sheria ni kwamba asiyejibiwa haondoki. Kumbe kilichokuwa kikimzuia Ellis duniani si dawa wala mpira puani, ni kimya cha Norris Barraclough. Mtu mwingine hapo angehuzunika. Norris, na tusimfiche, alifurahi. Basi ni rahisi, alijisemea. Sijibu. Sijibu mwaka huu, sijibu mwaka kesho.

Akaitia mikono yote miwili mifukoni ili isije ikafanya upumbavu wowote.

"Anaomba chai, mwanangu," alisema. "Ni mchezo wetu wa klabu. Alikuwa akinigongea hivyo nimchemshie maji."

Gwenda alicheka akalia papo hapo. Kidole kikagonga tena, moja, halafu tatu na moja, na Norris aliaga haraka kwa kisingizio cha basi. Basi hapandi, anakaa umbali wa kutembea.

Jumanne iliyofuata alimkuta Hedley amesimama katikati ya ukumbi na koleo mkononi. Alikuwa amezikata nyaya za kengele, zote mbili, pande zote za ukuta. Ncha zake zilining'inia chini ya meza ya Harrowbeck, shaba ikimetameta.

"Sasa ilie tuone," alisema.

Ikalia. Moja. Tatu, na moja.

Hedley aliliweka koleo chini polepole kama kwamba ndilo lililokosea. Thelma ndiye aliyevuta kiti akakaa mbele ya Norris.

"Ni yeye, sivyo?"

"Nani?"

"Usijifanye hamnazo, Norris, nimechoka. Gwenda alikuja dukani kwangu jana. Ananiambia eti baba yake anagonga kitanda anaomba chai. Nikamwambia anagongaje, akanigongea kwenye kaunta." Thelma alipiga meza kwa kidole, tatu na moja. "Mimi na wewe tunajua hiyo si chai."

"Kama unajua, nyamaza."

"Umemdanganya mtoto wa watu."

"Nikijibu, ataondoka!" Norris alipiga kelele, na hakuwa amepiga kelele ya kweli ndani ya ukumbi ule tangu waanze kuujaza milima. "Hamuelewi? Nikimpa njia ataondoka, Thelma. Nisipompa, yupo. Hajaenda popote. Nitakuwa namwona kila Alhamisi."

"Unamwona anafanya nini?"

Norris aligeuka akaitazama kengele.

"Analala kwenye kinyesi chake, anageuzwa kama mkate," alisema Thelma. Hakuwa akisema kwa ukali. "Nilimuuguza mume wangu Walter, najua. Ellis amekaa stesheni, amefunga mizigo, ameita, anaita, na wewe unamsikia. Miaka yote hii umekuwa ukimsumbua juu ya sheria. Sheria inasema ukisikia na njia iko wazi unafanya nini?"

Kengele ikalia tena. Safari hii ile moja ya mwisho haikuharakishwa. Ilikuja imechoka.

Norris alisimama, akavaa koti. Akatoka bila kofia.

Ni kuteremka tu kutoka kanisani mpaka nyumba ya wazee, na Norris aliteremka kama mtu anayepelekwa. Gwenda alikuwa palepale. Kidole kilikuwa palepale.

"Nilikudanganya," alimwambia kabla hajavua koti. "Si chai. Anaomba njia. Anataka kuondoka, na mimi ndiye wa kumruhusu, na sikutaka." Akamweleza yote, kengele, kitufe chenye vumbi, nyaya. Alitegemea binti wa watu amwone amerukwa na akili. Gwenda alimsikiliza huku akimpapasa baba yake nywele.

"Nikimjibu, mwanangu, nadhani ndiyo basi tena. Sasa useme wewe. Wewe ndiye mwenye baba."

Gwenda alimvutia baba yake blanketi mpaka kifuani. "Mwache aende, Anko," alisema. "Amechoka, na mimi nimechoka kumwomba abaki."

Kidole kikagonga moja. Upo?

Norris akaweka kidole chake juu ya chuma kilekile, jirani na kile chenye pete, akagonga moja. Nipo.

Kidole cha Ellis kikatulia ghafla. Kwa wiki nzima kilikuwa hakijawahi kutulia hivyo, kama kinachosikiliza. Kisha kikagonga tatu, taratibu, kwa adabu kabisa, kikapumzika, kikagonga moja. Norris akarudisha tatu. Akarudisha moja.

Ellis alivuta pumzi ndefu, ya mtu anayejiweka sawa kitini. Kidole kikagonga mbili. Na baada ya hapo hakikugonga tena, wala kifua hakikupanda, na Gwenda akainamisha uso wake begani kwa baba yake.

Norris alisimama naye mpaka muuguzi alipoingia. Halafu akamshika Gwenda mkono. "Lazima nirudi juu," alisema. "Treni iko njiani."

Giza la Novemba lilikuwa limeanza kushuka na taa za barabarani zimewaka alipousukuma mlango wa ukumbi. Hedley na Thelma walikuwa wamesimama mgongo ukutani, mbali na meza, wameshikana mikono, watu ambao kwa kawaida hawapeani hata sukari bila matusi.

"Imelia mbili," alisema Hedley. "Muda si mrefu. Saa tisa na nusu hivi. Sikugusa kitu, Norris, naapa."

"Najua. Ameshakwenda. Mbili zile nilizisikia hukohuko."

Thelma alifunga macho, akafumbua. "Sasa?"

"Sasa tunangoja ifike."

Kutoka Long Cleugh mpaka Harrowbeck ni hatua chache za reli ndogo, treni hutumia muda wa kupiga chafya. Hii haikufika. Norris alikaa kwenye kiti chake mbele ya kengele na akaelewa kwamba hii inakuja kwa mwendo wa kweli, maili mbili nzima za handaki, katika giza ambalo wao walilipaka kwa rangi nyeusi ya kopo na kulisahau. Alilishika kopo la peremende ndani ya mfuko wa koti. Mota ilikuwa humo. Aliitikisa akaisikia ikigonga bati.

Kwanza ulikuja upepo. Ulitoka tunduni, baridi, una harufu ya makaa ya mawe na chuma kilicholowa, na miti ya Thelma kando ya mto ikatikisika yote. Halafu mlio. Treni zao huvuma kama nyuki kwenye chupa. Huu ulikuwa mlio mzito, wa mbali, unaokuja, na vikombe vya chai mezani vikaanza kugongana.

"Mungu wangu," alisema Hedley.

Kichwa cheusi kikatokeza. Kilikuwa kidogo, cha ukubwa uleule wa siku zote, na ndilo lililotisha zaidi, mlio wote ule kutoka kwenye kitu ambacho mtu angekibeba kwa mkono mmoja. Kilikuwa kimekamilika, kinang'aa, magurudumu yanazunguka bila mota ya kuyazungusha. Nyuma yake behewa la kwanza la rangi ya damu ya mzee, na madirishani mwanga wa manjano, ingawa Ellis hakuwa ametia taa ndani ya mabehewa yale. Thelma aliinama kutazama madirisha. Hedley alikitazama kichwa, mdomo wazi. Watu wote hutazama kichwa cha treni, na wakikosa kichwa hutazama madirisha.

Msimamizi wa ishara hutazama nyuma. Norris aligeuza macho yake kwenye mdomo wa handaki, mahali behewa la mwisho litakapotokea, na hapo akajikuta anaomba dua. Usiwe nayo. Ellis, ndugu yangu, usiwe nayo, hukuwahi kuwa nayo hata siku moja. Maana ikija bila taa sheria hairuhusu kuifunga safari. Njia itahesabiwa kuwa bado ina kitu. Kipande chake kitakuwa kimebaki humo ndani, kati ya stesheni mbili, si huku wala kule, na Norris atakuwa na kitu cha kukaa nacho kila Jumanne. Alijua anachokiomba ni kibaya. Alikiomba hivyohivyo.

Behewa la pili. Behewa la tatu.

Treni ilipita Harrowbeck bila kusimama. Ilikata kona chini ya viwanda vya sufu, ikaingia nyuma ya pazia mwisho wa ukumbi, ambako reli zinaishia kwenye ubao mtupu na hakuna kibanda cha ishara wala mtu wa kuulizwa njia. Mlio ukaenda nayo, ukipungua na kuendelea kupungua, mbali zaidi kuliko urefu wa jengo lile. Vikombe vikatulia.

Hedley alikwenda akalifunua pazia. Hakukuwa na kitu. Akaenda chumba cha nyuma wakamsikia akifungua kamba, halafu akarudi amebeba sanduku wazi. Kichwa cheusi kilikuwa ndani, hakijapakwa rangi upande mmoja, na mabehewa matatu yamefungwa kwenye gazeti.

"Norris," alisema Thelma kwa sauti ya chini. "Ilikuwa na taa?"

Alimtazama. Akamtazama na Hedley. Wote wawili walikuwa wakimngoja, na ndipo Norris akatambua kwamba hawakuiona. Mmoja alikuwa akitazama kichwa, mwingine madirisha. Ushahidi wote wa mwisho wa treni ile ulikuwa machoni mwake yeye peke yake. Neno moja tu, "hapana," na hakuna mtu duniani ambaye angembishia. Miaka thelathini ya taa zilizosahauliwa ingekuwa shahidi wake. Alifungua mdomo alitamke.

Lakini alikuwa ameiona. Ndogo kama mbegu ya mchicha, nyekundu, imewashwa, imetundikwa sawasawa katikati ya upande wa nyuma, na chini yake ndoano ya kuungia mabehewa imefungwa vizuri. Yule mpuuzi aliikumbuka. Safari moja tu aliikumbuka, na aliikumbuka kwa sababu alijua nani atakuwa amekaa pale akiiangalia.

Machozi yalimtoka Norris na hakuyafuta.

"Ilikuwa nayo," alisema. "Imefika nzima."

Nyaya zilikuwa bado zinaning'inia chini ya meza, hazijaungwa. Aliweka kidole juu ya kitufe. Akabonyeza mbili, akangoja, akabonyeza moja.

Na kutoka nyuma ya ukuta jibu likaja kwenye kengele yake, mbili na moja, haraka haraka, vibaya vibaya, kama mtu anayekimbilia chai.